Uzio Mrefu Ni Upi? Istilahi za Mashauri ya Majirani kuhusu Uzio, Mwanga na Mandhari

1. Utangulizi

Mfasiri hujihadhari na neno geni. Akutanapo na jina la ugonjwa, la mtambo au la kanuni ya fizikia, hufungua kamusi, huwauliza wataalamu, na pengine huliandikia barua Baraza. Hajihadhari vivyo hivyo na neno la nyumbani. Ua, mpaka, kivuli, jirani, urefu: maneno haya kila mtu ameyajua tangu utotoni, na kwa sababu hiyo huandikwa bila kuulizwa. Hata hivyo, siku neno la nyumbani liingiapo katika kumbukumbu za shauri, huanza kufanya kazi ambalo halikuizoea. Hutakiwa kusema jambo moja tu, na kulisema kwa namna ambayo watu wawili wanaogombana hawataweza kulivuta kila mmoja upande wake.

Katika makala haya tumekusudia kuyachunguza maneno yanayotumika katika mashauri ya majirani kuhusu uzio wa miti uliopanda juu mno, ukamziba mwenzi mwanga, njia au mandhari. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo. Lakini watumishi wa Serikali vijijini wanajua kuwa magomvi ya mipaka hayana udogo, na walimu wanajua kuwa mtoto wa nyumba mbili zisizosalimiana hubeba ugomvi huo mpaka darasani.

Zaidi ya hayo, wakati wenyewe unatulazimisha. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 inaagiza hivyo. Mahakama za juu, kwa upande wao, ziliendelea kuandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini, pamoja na kuruhusu Kiingereza pale ambapo haki yenyewe inadai hivyo. Tangu hapo neno la Kiswahili lililoandikwa na katibu wa baraza la kijiji laweza kusafiri hadi ngazi za juu bila kubadilishwa lugha njiani. Likiwa na kasoro, kasoro hiyo itasafiri nalo.

Ili tusizungumze juu ya maneno yanayoelea hewani, tumechagua mahali pa kuyapimia. Mahali hapo ni Haneti, kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma. Mifano tutakayoitoa ni ya kubuni, wala haimhusu mtu yeyote. Lakini ardhi, jua na mimea ni vya huko.

2. Kanuni iliyotoka Uingereza

Hapana budi kwanza tuangalie mahali ambapo maandishi mengi ya jambo hili yametoka. Katika sheria ya Uingereza yapo mambo mawili ambayo mfasiri huyachanganya kwa urahisi: mwanga na mandhari.

Kuhusu mandhari, jibu lilitolewa zamani sana. Katika shauri la Aldred la mwaka 1610, lililotokana na jirani aliyejenga banda la nguruwe karibu na nyumba ya mwenzake, ilielezwa kuwa mtu hana dai kwa kuzibiwa mandhari, kwa sababu mandhari ni jambo la kuburudisha macho, si jambo la lazima katika maisha. Hewa safi na mwanga vilihesabiwa kuwa vya lazima. Kanuni hiyo haijafutika: mwaka 1997, katika shauri la Hunter na kampuni ya Canary Wharf, Baraza la Malodi lilipokataa madai ya wakazi ambao mnara mrefu uliwazuia kupata matangazo ya televisheni, lilijengea juu ya fikra ile ile kwamba kujenga katika ardhi yako mwenyewe hakuwi kosa kwa sababu tu jirani amezibwa kitu.

Kuhusu mwanga, hali ni nyingine. Sheria ya mwaka 1832 ilikubali kuwa dirisha lililopata mwanga kwa miaka 20 bila kukatizwa hujipatia haki ya kuendelea kuupata. Tuangalie vizuri: haki hiyo ni ya jengo na madirisha yake, si ya bustani wala ya shamba.

Baadaye ikaja sheria ya uzio wenyewe. Mwaka 2003 Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Mienendo Isiyo ya Kijamii, na sehemu yake ya 8 inahusu nyuzio za miti zilizopanda juu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, uzio unaohusika ni ule ulioundwa, wote au kwa sehemu kubwa, na mstari wa miti 2 au zaidi isiyopukutisha majani, ambao umepita kimo cha mita 2 kutoka usawa wa ardhi, na ambao kwa kimo hicho ni kizuizi cha mwanga au cha upitaji. Mlalamikaji hutakiwa kwanza ajaribu kuelewana na jirani yake. Ikishindikana, halmashauri ya mahali hapo yaweza kutoa ilani ya kurekebisha. Scotland ilitunga sheria yake ya jambo hilo mwaka 2013.

Msomaji atambue kuwa kifungu hicho kinataja mwanga na upitaji, mandhari hakiyataji. Mfasiri aandikaye kwamba Uingereza imetunga sheria ya uzio unaoziba mandhari atakuwa ameipa sheria hiyo maana ambayo haikujipa yenyewe.

Tena, sheria ya 2003 si sheria ya Tanzania. Tanganyika ilipokea kanuni za jumla za Uingereza na sheria zake zilizotumika kwa wote jinsi zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kilichotungwa huko baada ya siku hiyo hakikuja pamoja na urithi huo. Kwetu jambo la ardhi linaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

3. Jua la Haneti na minyaa yake

Istilahi nzuri haipatikani kwa kuangalia kamusi mbili tu. Yapasa kukiangalia kitu chenyewe.

Sheria ya Uingereza inajali mwanga kwa sababu jua la huko hupita chini. Katika mji wa London, adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba, jua halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi, na uzio wenye kimo cha mita 4 hutupa kivuli cha karibu mita 15. Haneti iko kiasi cha nyuzi 5 na nusu kusini mwa ikweta. Hata mwezi Juni, wakati jua limeelekea kaskazini kabisa, adhuhuri lipo zaidi ya nyuzi 60 juu, na uzio wa kimo kile kile hutupa kivuli kisichofika mita 2 na nusu. Kivuli kirefu kipo, lakini ni cha asubuhi na jioni, na humwangukia zaidi yule ambaye uzio uko mashariki au magharibi yake.

Basi, jirani wa Haneti hulalamikia nini? Mmea wa uzio ulioenea katika nyanda kavu za kati ni mnyaa. Huota kwa kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini, hustahimili ukame, mifugo haiupendi, na usipokatwa hupita mita 5. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Kwa hiyo mizizi ya uzio na mizizi ya mtama hugombea unyevu ule ule mdogo. Katika matawi yaliyosongamana ndege hupata pa kutua, na mkulima wa mtama na uwele hahitaji kuelezwa hasara ya ndege, hasa kwelea kwelea. Uzio ukivimba kila mwaka kuelekea njia, ng'ombe waendao kunywa maji hukosa pa kupita. Na mwisho, uzio ukiachwa miaka mingi huanza kuaminiwa kuwa ndio mpaka, hata kama ulipandwa hatua 3 ndani ya shamba la mmoja.

Haya ni malalamiko matano: utomvu, mizizi, ndege, njia na mpaka. Ukiongeza kivuli cha asubuhi yatakuwa sita. Katibu aandikapo kwamba mlalamikaji anadai uzio wa jirani unamzuia, malalamiko yote sita yamekuwa moja, wala hakuna aliyeelewa ni lipi linaloamuliwa.

4. Ua, uzio, wigo, kitalu, boma

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya kitu hiki. Taabu yetu ni wingi.

Neno ua, ambalo wingi wake ni nyua, ni la asili na zuri, lakini hutaja kizuizi na pia nafasi iliyozungushiwa. Mtu akisema "watoto wanacheza uani" hasemi kuwa wanacheza juu ya fito. Isitoshe, neno hilo hufanana kwa umbo na ua la mti. Maandishi yasemayo kuwa jirani amekata ua yatamlazimisha msomaji aulize: nyua au maua?

Wigo ni neno lenye maana iliyo sawa kabisa na tunayoitaka, lakini limepandishwa cheo. Siku hizi maofisini huzungumziwa wigo wa kazi, wigo wa utafiti na kupanua wigo wa kodi. Katika shauri la ardhi, maneno "kupunguza wigo" yaweza kueleweka kama kupunguza ukubwa wa dai.

Kitalu kina kazi nyingi tayari: kitalu cha miche, kitalu cha uwindaji, kitalu cha nyumba zilizopimwa. Boma nalo ni uzio wa mifugo, ni ngome, ni ofisi za Serikali za wilaya, na siku hizi ni hata kuta za darasa ambazo hazijaezekwa. Senyenge ni ya waya, basi haihusu miti.

Limebaki neno uzio. Wavuvi wa pwani wamelijua kwa maana ya ua wa fito unaosimamishwa majini kutegea samaki, na matumizi ya bara yamelipanua likawa jina la kizuizi chochote kinachozunguka mahali. Halichanganywi na nafasi iliyomo ndani, wala halijachukuliwa na kazi nyingine za ofisini. Kwa hiyo tunapendekeza uzio liwe neno la jumla, nalo lipambanuliwe kwa sifa: uzio wa waya, uzio wa matofali, uzio wa miiba iliyokatwa, na uzio hai kwa ule wa mimea iliyo na mizizi ardhini.

Uzio hai si neno tulilolibuni mezani. Mabwana shamba na mabibi shamba wamelitumia katika mafunzo yao, na wakulima wamelielewa. Huko Dodoma kwenyewe wananchi wamekwisha kulizoea neno kisiki hai kwa ajili ya kisiki kinachoachwa kichipue kiwe mti tena. Panapokuwa na neno linaloishi midomoni mwa watu, kazi ya mtu wa istilahi ni kulichagua na kulitolea maana, si kulishindania.

5. Urefu na kimo

Sasa tumefika mahali ambapo kosa la neno moja laweza kumnyima mtu haki yake.

Tuseme jirani wa magharibi amelalamika kwamba uzio hai wa jirani wa mashariki unamtia kivuli katika uwanja wa kuanikia nafaka asubuhi. Wazee wamekaa, majirani wamekubaliana, na katibu ameandika: "Mwenye uzio atapunguza urefu wa uzio wake kwa mita 2." Kesho yake mwenye uzio ameshika panga, akaenda mwisho wa mstari upande wa barabarani, akang'oa minyaa ya mita 2, akarudi nyumbani. Je, amevunja makubaliano? Kwa maneno yalivyoandikwa hakuvunja. Urefu wa uzio umepungua kwa mita 2 kamili. Kivuli kiko pale pale.

Katika Kiswahili mti ni mrefu, mtu ni mrefu, kamba ni ndefu na barabara ni ndefu. Kwa mti na mtu hapana taabu, kwa kuwa kila mmoja anajua kuwa vimesimama. Kwa kamba na barabara pia hapana taabu, kwa kuwa vimelala. Uzio una yote mawili: umesimama na umelala. Ndiyo maana "uzio mrefu" ni maneno yasiyotosha. Yaweza kumaanisha uzio uliopanda juu, au uzio wa hatua 100.

Dawa tunayo ndani ya lugha yenyewe. Kimo ni kipimo cha kitu kilichosimama, kuanzia chini hadi juu, nacho hutumika kwa watu na kwa mimea pia. Tunapendekeza kwamba katika maandishi yote ya mashauri kimo kiwe kipimo cha kwenda juu, urefu kiwe kipimo cha mstari wa uzio tangu mwanzo hadi mwisho wake, na unene kiwe kipimo cha upana wa uzio toka upande mmoja hadi wa pili. Katibu angeandika: "Uzio utakatwa hadi kimo cha mita 2 kutoka usawa wa ardhi, kwa urefu wake wote unaopakana na uwanja wa kuanikia." Maneno hayo hayana mlango wa nyuma.

Neno "hadi" nalo tulitazame. "Kupunguza kwa mita 2" na "kupunguza hadi mita 2" ni mambo mawili tofauti. Uzio wa mita 5 utabaki na mita 3 kwa agizo la kwanza, na mita 2 kwa agizo la pili.

6. Uzio wa mpaka na uzio ulio kando ya mpaka

Katika mazungumzo, uzio wa mpaka na uzio wa mpakani hutumika kwa kubadilishana. Kisarufi si kitu kimoja. Uzio wa mpaka ni ule ambao ndio mpaka. Uzio wa mpakani ni ule ulioko mahali pa mpaka. Tofauti hiyo imebebwa na silabi moja, "ni", ambayo mwandishi aliyechoka huiacha kwa urahisi.

Uzito wake ni mkubwa. Uzio ambao ndio mpaka ni wa wote wawili, na ni vigumu kwa mmoja kuukata bila ridhaa ya mwenzake. Uzio uliopandwa ndani ya ardhi ya mmoja ni wake peke yake, na ardhi iliyobaki nje ya uzio huo ingali yake. Siku ya kupima mashamba kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila, majirani husimama pamoja na wahusika wa kijiji na kuonyeshana mipaka. Iwapo fomu inasema "uzio wa mpaka" mahali palipokusudiwa "uzio wa mpakani", hatua 3 za ardhi zaweza kuhama bila mtu kuinua jembe.

Tunashauri silabi hiyo isitegemewe. Kwa uzio ambao ndio mpaka tuseme uzio wa mpaka. Kwa ule mwingine tuseme uzio ulio kando ya mpaka, na tutaje uko upande wa nani.

7. Kinachozibwa

Vitenzi vya Kiswahili katika jambo hili ni vitatu, na kila kimoja kina pande zake. Kukinga ni kuweka kitu mbele ya madhara; ni sifa ya uzio kwa mwenye uzio, kwani humkinga na upepo, vumbi na mifugo. Kuziba ni kufunga nafasi iliyokuwa wazi. Ni lawama ya jirani. Kuzuia ni neno pana lenye kumhusu zaidi mtu atendaye kwa kusudi. Kuandika kwamba uzio unazuia ni kukaribia kusema kuwa mwenyewe alikusudia ubaya, na pengine hakukusudia lolote. Mvua ilinyesha, minyaa ikakua. Tunapendekeza kuziba kwa matokeo, na kuzuia kwa kitendo cha mtu.

Kisha yapasa kutaja kilichozibwa. Mwanga ni nuru ya jua ifikayo mahali fulani. Njia ni mahali pa kupita watu au mifugo. Mandhari ni sura ya nchi inayoburudisha macho.

Hapa pana pengo ambalo maandishi ya Uingereza hayatusaidii kuliziba. Mkulima anayelinda mtama hukaa juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa shambani, ili aone ndege watuapo pembe yoyote ya shamba. Mfugaji naye hutaka akiwa nyumbani aone zizi. Uzio wa jirani ukipanda hadi kumziba macho, kilichopotea si mandhari. Hakuna aliyepanda dungu kwa ajili ya kuburudika. Tukiandika mandhari, tutakuwa tumelipeleka dai lake moja kwa moja kwenye fungu ambalo wanasheria wa 1610 walilikataa, hali sababu yao ya kulikataa haimhusu.

Kwa jambo hilo tunapendekeza nafasi ya kuona, yaani uwazi unaomwezesha mtu kuona kutoka mahali fulani kitu anachohitaji kukilinda au kujihadhari nacho. Istilahi hiyo yafaa hata kwa njia panda, ambako uzio uliopanda juu humficha mtembea kwa miguu asionekane na dereva. Hatusemi kuwa sheria imekwisha kuipa nafasi ya kuona ulinzi wowote. Hilo si letu kulisema. Tunachosema ni kwamba baraza haliwezi kulipima dai ambalo halina jina lake.

Hatimaye, kwa uharibifu wa utulivu wa jirani kwa moshi, harufu, kelele, utomvu au mizizi, wengine huandika kero. Neno hili limepata maana pana mno. Kero za wananchi ni pamoja na ukosefu wa maji na ubovu wa barabara. Tunapendekeza udhia, ambalo kwa asili yake ni maudhi yanayotoka kwa mtu na kumfikia mwingine.

8. Wahusika na vyombo

Kijijini husemwa "jirani amenishtaki", na aliyesemwa huitwa mshtakiwa. Katika sheria mshtakiwa ni mtu anayetuhumiwa kwa kosa la jinai. Mwenye minyaa mirefu hakuiba. Kwenye madai tutumie mdai na mdaiwa. Kwenye usuluhishi tutumie mlalamikaji na mlalamikiwa. Watu hawa wataendelea kuazimana moto na kuzikana. Si vema karatasi ya baraza iwaache na jina ambalo watashindwa kulisamehe.

Vyombo pia vina maneno yake. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na kati yao wasiopungua 3 ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata, kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi Na. 2 ya mwaka 2002, liliweza kuamua mashauri ya ardhi. Marekebisho ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2021 yaliondoa uwezo huo: siku hizi Baraza la Kata husuluhisha tu, na likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ndipo shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, mwenye dai aweza kuendelea bila hati hiyo.

Kwa hiyo sentensi "Baraza la Kata limeamua kwamba uzio ukatwe" inadai mamlaka ambayo baraza hilo halina tena, hata kama wazee walitenda haki tupu. Iandikwe: "Mbele ya Baraza la Kata, pande mbili zimekubaliana kwamba uzio utakatwa." Kitenzi kuamua kibakie kwa chombo chenye uwezo wa kuamua.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Uzio: kizuizi kilichosimamishwa au kupandwa kuzunguka mahali au kutenga mahali pawili.
Uzio hai: uzio wa mimea iliyo na mizizi ardhini.
Uzio wa mpaka: uzio ambao wenyewe ndio mpaka wa ardhi mbili.
Uzio ulio kando ya mpaka: uzio uliomo ndani ya ardhi ya upande mmoja, karibu na mpaka.
Kimo cha uzio: kipimo tangu usawa wa ardhi hadi ncha ya juu.
Urefu wa uzio: kipimo cha mstari wa uzio tangu mwanzo hadi mwisho.
Unene wa uzio: kipimo tangu upande mmoja wa uzio hadi wa pili.
Uzio uliozidi kimo: uzio hai ambao kimo chake kimepita kiasi kilichokubaliwa au kilichowekwa na sheria.
Haki ya mwanga: haki ya jengo kuendelea kupata nuru kupitia madirisha yake.
Haki ya njia: haki ya kupita katika ardhi ya mwingine.
Mandhari: sura ya nchi inayoonekana na kuburudisha.
Nafasi ya kuona: uwazi wa kuonea kitu kinachohitaji kulindwa au kuangaliwa.
Udhia: uharibifu wa utulivu wa jirani utokanao na matumizi ya ardhi ya mwenzake.
Ilani ya kurekebisha: taarifa ya mamlaka inayomtaka mtu aondoe au apunguze kinachoudhi.

10. Hitimisho

Maneno haya ni mapendekezo, nayo yangojea kupimwa na watumiaji. Twawaomba wafasiri wanaoandika vijitabu vya sheria wayajaribu. Walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi wao zoezi la kuandika agizo moja la kukata uzio, kisha waliangalie kama laweza kupindwa. Na makatibu wa mabaraza watuandikie maneno wanayoyasikia kwa wananchi wenyewe, pamoja na yale ya Kigogo, Kirangi na Kisandawe, ambayo huenda yakawa na tofauti ambazo Kiswahili sanifu bado hakijazipatia majina. Taratibu ya kuunda istilahi inatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha zetu nyingine, kabla ya kwenda mbali. Watuandikiapo, tunaomba watutajie si neno peke yake, bali pia kilichozibwa, kwa kimo gani, na uzio ulikuwa upande wa nani.